Mjumbe Hauawi: Kupima na Kubadilisha Sensa ya Joto la Injini Nyumbani

Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, wengi wetu tuna njia mbili tu. Ya kwanza ni kuizoea, mpaka siku gari likatae kuwaka tukiwa na mgonjwa ndani. Ya pili ni kwenda gereji. Fundi anachomeka mashine, anasoma msimbo, anatangaza: "Sensa imekufa." Unatoa hela, sensa inabadilishwa, taa inazimwa kwa mashine ileile, unaondoka umefurahi. Siku ya tatu taa imerudi.

Hayo yamenikuta. Gari langu lilianza kunywa mafuta kupita kawaida. Asubuhi nyingine lilitoa moshi mweusi, na siku nyingine feni ya rejeta iliwaka mara tu nilipowasha injini, kabla hata haijapata joto. Nilibadilishiwa plagi. Nikabadilishiwa sensa ya joto. Hali ilipobaki vilevile nikabadilishiwa sensa ya joto mara ya pili, kwa maelezo kwamba ile mpya ilikuwa feki. Ugonjwa wenyewe ulikuwa waya mmoja wa shaba uliooza na kugeuka kijani ndani ya ganda lake, sentimita tatu tu kutoka kwenye soketi. Sensa ya kwanza kabisa, ile iliyotoka na gari kiwandani, ilikuwa nzima, nami nilikuwa nimeshaitupa. Kuunganisha waya ule kulichukua dakika ishirini.

Waswahili tunasema mjumbe hauawi. Sensa ni mjumbe wa kompyuta ya injini, ambayo mafundi wengi huiita kontroboksi. Kazi yake ni kupeleka habari, na mara nyingi habari mbaya inayopeleka ni ya kweli. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kupima. Kubadilisha kwenyewe ni kazi ya saa moja, na ukishapima vizuri huenda usibadilishe kitu.

Nimechagua sensa ya joto la maji ya injini kwa sababu ndiyo shule nzuri kwa anayeanza. Bei yake si kubwa ukilinganisha na sensa nyingine, inafikika bila kulala chini ya gari, na unaweza kuipima kwa kikombe cha maji ya moto kutoka jikoni. Mfano wangu ni injini za Toyota za familia ya NZ: 1NZ-FE ya cc 1,497 na 2NZ-FE ya cc 1,298. Ndizo zilizo chini ya boneti za Vitz, IST, Probox, Platz, Raum na gari nyingine ndogo zilizojaa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Kama gari lako ni la aina nyingine, mantiki ni ileile. Kitakachobadilika ni mahali sensa ilipo na namba ya spana.

Inavyofanya kazi

Ndani ya ncha ya shaba ya sensa hii kuna punje ndogo ambayo ukinzani wake wa umeme hushuka kadiri joto linavyopanda. Kompyuta inapeleka volti 5 kupitia waya mmoja, waya wa pili unarudi, na kompyuta inatazama volti zimebaki ngapi. Injini ikiwa ya baridi, ukinzani ni mkubwa na volti zinabaki juu. Ikipata moto, ukinzani unashuka na volti zinashuka nao.

Kwa sensa za Toyota za kundi hili, kwenye nyuzi 20 za Selsiasi utasoma kati ya omu 2,000 na 3,000. Kwenye nyuzi 80 utasoma kati ya omu 200 na 400. Asubuhi ya kawaida ya Dar es Salaam, nyuzi 27 au 28, tarajia omu 1,700 hadi 1,900. Asubuhi ya baridi ya Nairobi au Iringa, nyuzi 15, ni karibu omu 3,000. Andika namba hizi kwenye karatasi uibandike ndani ya boksi lako la spana.

Kompyuta inazitumia habari hizi kwa mambo mengi kuliko watu wanavyodhani. Petroli haigeuki mvuke vizuri ikigusa chuma cha baridi, kwa hiyo injini ya baridi hupewa petroli nyingi zaidi. Joto hilohilo ndilo linaloamua feni iwake lini, mzunguko wa injini uwe wa kasi gani gari likiwa limesimama, na kwenye gari zisizo na mshale wa joto, ile taa ya bluu izime lini na taa nyekundu iwake lini. Sensa ikisema injini ni ya baridi wakati ni ya moto, petroli inamwagwa bure, plagi zinakuwa nyeusi kama masizi ya jiko la mkaa, na harufu ya mafuta inakufuata barabarani. Ikisema ni ya moto wakati ni ya baridi, asubuhi utapiga stata mpaka betri ichoke.

Toyota waliweka kinga. Kompyuta ikigundua kwamba sensa imekatika kabisa, inaacha kuisikiliza, inajifanya kwamba maji yako nyuzi 80, na inawasha feni muda wote ili injini isichemke. Ndiyo sababu gari lenye sensa iliyokatika linaweza kukufikisha nyumbani. Ukiona feni inazunguka tangu unapowasha gari la baridi na kiyoyozi kimezimwa, umeshapata dalili nzuri ya kuanzia.

Pima kabla ya kufungua pochi

Kipimo cha kwanza hakihitaji spana hata moja. Inahitajika mashine ndogo ya kusomea gari, ile inayochomekwa kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani na kuongea na simu yako. Tahadhari moja: baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000 hayaongei na mashine za bei ya chini. Azima kwanza ujaribu kabla hujanunua.

Gari lilale usiku mzima. Asubuhi, kabla hujawasha injini, zungusha ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, uishie hapo. Soma joto la maji ya injini, kisha soma joto la hewa inayoingia kwenye injini. Hizi ni sensa mbili tofauti, na baada ya usiku mzima zote ziko kwenye joto moja la uani kwako. Zikisema 27 na 28, au 26 na 29, zote zinasema kweli. Ikiwa hewa inasema 27 na maji yanasema 4, mmoja wa wajumbe wako anadanganya, na unajua ni yupi kwa sababu unajua Dar es Salaam haijawahi kuwa nyuzi 4. Sijaona kipimo kingine kinachotoa jibu la uhakika namna hii kwa dakika mbili.

Ikisema nyuzi 40 chini ya sifuri, hapo hakuna baridi. Ndivyo kompyuta inavyosoma njia ya umeme iliyokatika: ama sensa imekatika ndani, ama waya umekatika, ama soketi imechomoka. Ikisema nyuzi 140 gari likiwa la baridi, nyaya zimegusana mahali fulani au sensa imeungua ndani.

Sasa mtenge mjumbe na njia yake. Tafuta sensa. Kwenye injini za NZ iko upande wa gia boksi, mwishoni mwa silinda hedi, jirani na mpira mkubwa wa maji, ikiwa imejificha nyuma ya boksi la ea klina. Ina nyaya mbili. Magari mengi ya zamani yana sensa mbili za joto: moja ya waya mmoja, inayopeleka habari kwenye mshale wa dashibodi tu, na nyingine ya nyaya mbili inayoongea na kompyuta. Watu wengi wamenunua ile isiyohitajika kwa kutojua hili.

Chomoa soketi ya sensa, zungusha ufunguo bila kuwasha injini, uangalie mashine. Inapaswa kusema nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa kuwa umeikata njia kwa mkono wako. Kisha chukua kipande kidogo cha waya, unganisha matundu mawili ya ile soketi inayotoka kwenye gari, kwa uangalifu usiyapanue. Namba inapaswa kuruka mpaka nyuzi 140 au zaidi. Ikiruka, nyaya zako ni nzima na kompyuta yako ni nzima. Mwenye kosa ni sensa. Isiporuka, tatizo liko kwenye waya au soketi, na sensa mpya haitakusaidia hata ukinunua kumi. Kama mtu angenifanyia jaribio hili mimi, ningeokoa sensa mbili na wiki tatu za hasira.

Mashine ikikosekana, multimeta ya kawaida ya mafundi umeme wa nyumbani inatosha. Iweke kwenye alama ya Ω, gusisha ncha zake kwenye pini mbili za sensa injini ikiwa ya baridi, na ulinganishe na namba zile za kwenye karatasi. Kisha pima tena injini ikiwa imepata joto. Namba ishuke taratibu bila kurukaruka. Sensa inayosoma sawa ikiwa ya baridi na kupotea ghafla ikiwa ya moto ni mbovu, na ndiyo inayosumbua watu wengi, kwa sababu kila ikifika gereji imeshapoa.

Misimbo nayo isomwe kwa akili. P0117 ina maana volti ziko chini mno, P0118 ina maana ziko juu mno. Zote mbili zinazungumzia njia ya umeme, na sensa ni kipande kimoja tu cha njia hiyo. P0116 inasema habari ya sensa hailingani na hali ya injini. Msimbo wa P0128 ndio unaoua wajumbe wengi wasio na hatia, na inabidi tukae nao kidogo.

Themostati iliyotupwa

P0128 inasema injini haifikii joto lake kwa muda unaotakiwa. Fundi akiona neno joto, anabadilisha sensa ya joto. Lakini mara nyingi katika nchi zetu sensa inasema ukweli mtupu: injini kweli ni ya baridi, kwa sababu mtu aliitoa themostati.

Sijui ni magari mangapi nimeyafungua nikakuta mahali pa themostati ni patupu. Maelezo ni yaleyale kila mara: nchi yetu ni ya joto, kifaa hiki ni cha Wazungu, kinachemsha injini. Inaniuma kila ninapoyasikia, kwa sababu anayelipia kosa hili ni mwenye gari, kila anapoingia kituo cha mafuta. Themostati ni mlango. Kwenye injini za NZ unafunguka maji yakifika karibu nyuzi 82, na kabla ya hapo unayazuia yasiende kwenye rejeta ili injini ipate joto haraka. Hali ya hewa ya nje, iwe Tanga au Njombe, haibadilishi joto ambalo chuma cha injini kinataka. Ukiutoa mlango, maji yanapita rejeta muda wote. Kwenye foleni mjini huenda usione tofauti. Ukishika barabara kuu asubuhi, upepo unapuliza rejeta, joto linashuka, kompyuta inaongeza petroli, na mvuke wa maji na petroli isiyoungua vinaishia kwenye oili.

Kwa hiyo, kabla ya kununua sensa, endesha gari dakika ishirini kwenye barabara isiyo na foleni huku mtu mwingine akiangalia mashine. Kama joto linapanda mpaka 80 na kitu na kubaki hapo, themostati ipo na inafanya kazi. Kama linacheza kwenye 60 na kushuka kila unapoongeza mwendo, rudisha themostati kwanza. Sensa yako iache ilivyo.

Kununua

Tuseme umepima na umethibitisha: sensa ndiyo mbovu. Nenda dukani na sensa ya zamani mkononi kama gari lingine linaweza kukufikisha, au piga picha ya soketi na uandike namba ya chasisi. Kwa Toyota, namba ya spea ya sensa hii huanza na 89422. Muuzaji akikuletea boksi lenye mwanzo mwingine, muulize kwa nini kabla ya kuuliza bei.

Kisha fanya jambo ambalo wanunuzi kwenye masoko ya spea ya Kariakoo, Kirinyaga Road na Kisekka karibu hawalifanyi: beba multimeta uipime sensa palepale juu ya kaunta. Gusisha ncha kwenye pini mbili, soma namba, kisha fumbata ile ncha ya shaba kwenye kiganja chako. Joto la mkono linatosha. Namba ianze kushuka polepole na iendelee kushuka. Ukiiachia, ianze kupanda. Sensa isiyobadilika, au inayoonyesha omu 5,000 kwenye mchana wa jua kali, irudishe kwa adabu. Muuzaji mwaminifu hatakasirika, na nimewaona waliofurahi wakaomba niwapimie na nyingine zilizobaki kwenye droo.

Maoni yangu, ambayo si kila fundi atakubaliana nayo: sensa halisi ya mtumba iliyotoka kwenye injini ya Japani, iliyopimwa ikaonekana nzima, ni bora kuliko mpya ya boksi zuri isiyojulikana ilikotoka. Chuma chake ni kinene zaidi, na punje ya ndani imeshaonyesha kwa miaka kwamba inavumilia joto. Ila nunua washa mpya ya kuzuia maji, hiyo usichukue ya mtumba.

Nyumbani, rudia kipimo kwa kikombe. Chemsha maji, tumbukiza ncha ya shaba tu bila kulowesha pini, usome. Maji yanayochemka Dar es Salaam yako nyuzi 100. Nairobi, kwa ajili ya mwinuko wake, yanachemka karibu na nyuzi 94. Kote kuwili utasoma karibu omu 200. Yakipoa, namba ipande nayo.

Kazi yenyewe

Fanya asubuhi, gari limelala. Jambo hili silipunguzi hata kidogo. Maji ya injini ya moto yako chini ya mgandamizo, na yanaweza kuzidi nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu mfuniko umeyabana. Ukiufungua, mgandamizo unaondoka mara moja na maji yanakurukia usoni yakiwa mvuke. Saa mbili za kusubiri ni chache mno; usiku mzima ndio kipimo changu. Gari liwe mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa, jiwe nyuma ya gurudumu.

Andaa spana namba 10, soketi ndefu namba 19, beseni safi, kitambaa, kulanti (maji maalumu ya rejeta) ya kuongezea, na tochi ya kuvaa kichwani. Watoto na mifugo wakae mbali. Kulanti ina ladha tamu na ni sumu. Mbwa au mbuzi akiilamba sakafuni anaweza kufa, na mtoto vilevile.

Piga picha ya kila kitu kabla hujakigusa. Legeza waya hasi wa betri kwa spana namba 10, uuweke pembeni usigusane. Fungua mfuniko wa rejeta. Chini ya rejeta kuna kizibo cha plastiki cha kumwagia maji. Weka beseni, kilegeze kwa vidole, toa lita moja na nusu au mbili, ukifunge. Mafundi wazoefu hawamwagi. Wanachomoa sensa ya zamani, wanaziba tundu kwa kidole gumba na kuingiza mpya kwa haraka, wanapoteza kikombe kimoja tu. Wewe kwa mara ya kwanza mwaga, ufanye kazi bila haraka.

Toa mpira wa hewa na boksi la ea klina ili upate nafasi. Ziba mdomo wa njia ya hewa kwa kitambaa safi, kwa sababu nati ikidondokea humo kazi yako ya saa moja itakuwa ya siku mbili.

Soketi ya waya ndiyo sehemu inayodai subira kuliko zote. Plastiki yake imepikwa na joto la injini kwa miaka kumi na tano au ishirini na imekuwa kama biskuti. Bonyeza ulimi wake mpaka mwisho, kisha vuta ganda lenyewe. Usivute nyaya hata kidogo. Ikigoma, isukume ndani kwanza kidogo huku umebonyeza ulimi, kisha vuta. Ikishatoka, itazame kwa tochi. Ukiona rangi ya kijani au nyeupe kwenye pini, safisha kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme na mswaki wa zamani. Nyoosha nyaya taratibu kwa vidole. Mahali palipolainika kupita kawaida ndani ya ganda ndipo shaba ilipokatika.

Vaa soketi namba 19 kwenye sensa mpaka ikae chini kabisa, ulegeze kinyume cha mshale wa saa. Itoke kwa mkono wa kawaida. Kama imeng'ang'ania, weka mafuta ya kulegeza kutu, uende ukanywe chai, urudi. Silinda hedi ni ya aluminiamu na sensa ni ya shaba. Ukilazimisha, ama utaikata sensa ibaki nusu ndani, ama utakula hesi za silinda hedi. Yote mawili ni gharama kubwa kuliko sensa hamsini.

Ikitoka, itazame ncha. Ikiwa imefunikwa na ukoko mweupe au tope la kutu, umepata habari nyingine: gari lako limekuwa likinywa maji ya bomba, au ya kisima. Sisi wa pwani tuna visima vyenye chumvi, na chumvi inakula aluminiamu kimyakimya. Ukoko ule pia unaifunika sensa isihisi joto kwa wakati. Panga kusafisha mfumo mzima wa maji na kuweka kulanti halisi, si maji yaliyotiwa rangi.

Linganisha mpya na ya zamani: urefu wa ncha, unene wa hesi, umbo la soketi. Weka washa mpya. Anza kuingiza kwa vidole, bila spana, mizunguko mitatu au minne. Ikikataa kwa vidole, hesi hazijakutana. Itoe uanze tena. Usizungushie utepe wa mabomba kwenye hesi. Sensa ya waya mmoja hurudisha umeme kupitia mwili wake, na utepe unaikata njia hiyo. Hii ya nyaya mbili haiuhitaji, washa yake inatosha.

Mkazo wa kiwanda ni nyutoni-mita 20. Kama huna spana ya kupimia mkazo, fikiria hivi: kwa mpini wa sentimita 20, ni sawa na kuning'iniza ndoo ya lita 10 ya maji kwenye ncha yake. Si nguvu nyingi. Ukitumia mpini mrefu na bega zima, umeshazidisha.

Rudisha soketi mpaka usikie mlio wa kujifunga, rudisha boksi la ea klina, kaza waya wa betri.

Kuondoa hewa

Hapa ndipo wanaofanya haraka hujiharibia. Hewa iliyonaswa kwenye mfumo ikikaa palepale sensa ilipo, sensa inapima hewa badala ya maji, na namba zinapanda na kushuka kama homa. Hatari kubwa zaidi ni injini kuchemka huku dashibodi ikionyesha hali ya kawaida.

Jaza rejeta polepole ukitumia ile kulanti uliyoimwaga kama ni safi, huku ukiminya mipira mikubwa ya maji kwa mkono ili mapovu yapande. Jaza na tanki la akiba mpaka kwenye mstari wa juu. Weka swichi ya joto la ndani ya gari kwenye moto kabisa, washa injini mfuniko ukiwa wazi, uiache ingurume bila kukanyaga mafuta. Kaa kando, usiinamie tundu. Maji yatashuka, ongeza. Mapovu yatatoka, subiri. Baada ya dakika kumi au kumi na tano maji yataanza kuzunguka, ishara kwamba themostati imefunguka. Mapovu yakiisha, zima, jaza mpaka mdomoni, funga mfuniko. Washa tena usubiri feni iwake yenyewe na kuzima yenyewe. Chungulia kwenye sensa kwa tochi kama kuna tone.

Kwa kuwa ulitoa waya wa betri, injini inaweza kupandisha na kushusha mngurumo kwa dakika chache. Kompyuta inajifunza upya. Msimbo ufute kwa mashine. Hata usipoufuta, kosa likiwa limekwisha taa itazima yenyewe baada ya safari kadhaa. Kesho yake asubuhi, gari likiwa la baridi kabisa, angalia tena kiwango cha maji kwenye rejeta na uongeze, kwa sababu karibu kila mara hushuka kidogo.

Mwezi Julai mdogo wangu anayeishi Moshi alinipigia simu. Gari lake lilikuwa linawaka vizuri asubuhi, lakini akisimama sokoni dakika kumi linakataa. Alipima mwenyewe, mimi nikimsomea namba kwa simu: ikiwa ya baridi, sawa, ikiwa ya moto, multimeta ikaonyesha njia imekatika kabisa. Kwenye jaribio la kuunganisha matundu ya soketi, namba ikaruka mpaka 140. Alinunua sensa, akaifunga Jumamosi kwa soketi ya kuazima kwa jirani. Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi alinitumia picha ya mashine, kabla ya kuwasha injini. Maji nyuzi 17, hewa nyuzi 18.